Kibali cha Maji ya Moto

Miaka ile ya chama kimoja nilikuwa mchoraji wa ramani kwenye chuo kikuu, kule Kasapa, nje kidogo ya mji. Mwalimu mmoja wa jiolojia, mtu mpole ambaye viatu vyake havikuishiwa vumbi jekundu, alirudi kutoka kaskazini ya mkoa akiwa na furaha kama bwana harusi. Alikuwa amepima chemchemi ya maji ya moto karibu na dispensari ambako wamama walizalishwa kwa mwanga wa taa ya mafuta. Alitaka kutoboa kisima, ili joto lile lizungushe mashine ndogo ya umeme. Nikachora ramani. Yeye alikuwa na masomo ya kufundisha, basi akaniomba niende mjini kutafuta kibali.

Nilianzia ofisi ya migodi. Mkubwa wa pale aliigeuza ramani yangu juu chini.

"Citoyen," akaniita, kama wananchi wote walivyoitwa siku zile, "hapa tunajua shaba. Maji haiko madini."

Kwenye ofisi ya maji wakaniambia, "Maji ya kunywa, ndiyo. Ile yenye kuchemka, hapana. Uliza bantu ba umeme."

Wa umeme nao wakacheka bila ubaya. "Leta kwanza kibali cha kutoboa."

"Nani anakitoa?"

"Migodi."

Nilizunguka hivyo msimu mzima wa mvua. Hakuna sheria iliyotukataza. Hakuna pia iliyotutaja, na nani angethubutu kupiga muhuri juu ya jambo lisilo na jina?

Asubuhi moja, kwenye ofisi ile ya migodi, mama aliyepiga mashine ya kuandika karibu na mlango alisimamisha vidole.

"Baba, unatafuta nini kila juma?"

Nikamweleza yote, mpaka ile taa ya mafuta.

"Miye nilizaa mutoto wa kwanza na taa kama ile. Ngojea."

Aliingia chumba cha mafaili, akakaa humo muda mrefu, akatoka na karatasi ya wakati wa Wabelgiji, pembe zake zimeliwa na mchwa. Kilikuwa kibali cha kutoboa kisima cha uchunguzi, kwa maji ya moto ya mahali pengine.

"Ona. Omba uchunguzi kwanza, umeme utakuja nyuma. Mukubwa hataogopa kitu kilishafanyika."

Akaandika barua yetu upya palepale, chakula chake cha mchana kikipoa. Muhuri ulipigwa Ijumaa ya juma lile.

Umeme wenyewe haukupata kibali, hata leo. Lakini kisima kilitobolewa, bomba likafika dispensari. Nilipokwenda kusahihisha ramani nilimkuta mkunga akiosha kitoto kwa maji ya uvuguvugu, bila kuwasha kuni. Akanishukuru mpaka nikaona haya.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama, nikamshika mikono miwili na kumsimulia. Alivua miwani, akafuta macho.

"Mutoto alikuwa mwanamuke ao mwanaume?"

Sikuwa nimeuliza.