Wiki za Kuchagua Printa

Mellen alizaliwa Ntimaru, upande wa Kuria, akaolewa Oyugis kwa Wajaluo, na kwa sababu hiyo nyumba yake ilikuwa na lugha ambayo nyumba za majirani hazikuwa nayo. Yeye hakujua Kijaluo alipofika. Mumewe, Clifford, hakujua Kikuria hata cha kuombea maji. Wakakutana kwenye Kiswahili. Wakachumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na binti yao Phanice alipozaliwa wakambembeleza kwa Kiswahili hichohicho. Miaka ilivyokwenda, Mellen alijifunza Kijaluo cha kutosha kununua omena, wale dagaa wa ziwani, na kusalimia watu kanisani, na wanawake wa sokoni wakamzoea, wakamwita Nyar Kuria, binti wa Kuria. Lakini maneno yake ya utani, ya hasira na ya chumbani yalibaki katika Kiswahili, na mtu wa kuyasikia alikuwa mmoja tu.

Mtu huyo, mumewe, alikuwa mbali, mjini Doha. Zamani alikuwa fundi wa redio na friji pale Oyugis. Kazi ikawa haba, akaenda Uarabuni kutengeneza viyoyozi vya mahoteli kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ulipoisha, ukaongezwa. Mwanzoni alipiga simu kila jioni na kuongea mpaka sikio la Mellen likapata moto. Baadaye uchovu ukaingia, mazungumzo yakakonda.

"Mko salama?"

"Tuko salama."

"Phanice anasoma?"

"Anasoma."

"Haya, Mama Phanice, wacha nipumzike."

Hakuna aliyemkosea mwenzake. Maneno yalikuwa yamepungua tu, kama hewa inavyotoka kwenye tairi la baiskeli bila mtu kusikia. Kila mara Mellen alibaki barazani mbele ya cherehani yake, simu mkononi, sare ya shule ya mtoto wa mtu ikingoja chini ya sindano, asikumbuke alikuwa anashona mkono wa kulia au wa kushoto.

Kilichobadilisha mambo ni kazi za shule. Mwalimu wa Phanice alikuwa mtu wa picha. Leo aletewe samaki wa ziwani, kesho ramani ya kaunti, keshokutwa aina za udongo, na zote ziprintiwe kwa rangi. Kila jioni Mellen aliacha cherehani, akamshika mtoto mkono, wakaenda saiba, duka la kompyuta na kuprinti lililo karibu na stendi, kupanga foleni na wazazi wengine. Siku moja mvua ikashuka, stima ikapotea walipokuwa wamebakisha mtu mmoja mbele yao, wakarudi nyumbani wamelowa bila picha. Phanice akalia njia nzima. Mellen akamwandikia mumewe: "Baba Phanice, nimechoka na saiba. Nataka printa yetu hapa nyumbani. Lakini sijui ninunue gani."

Simu ililia kabla hajavua viatu vya matope.

"Usinunue kitu!" Clifford alisema bila hata salamu. "Watakuuzia takataka. Kwanza niambie, mtaprinti nini?"

"Picha za Phanice. Na ratiba za kanisa. Tena hapa mtaani kila siku kuna mtu anatafuta kopi ya kitambulisho."

"Basi unataka ile ya kazi nyingi. Inaprinti, inatoa kopi, inaskani. Ile ina kifuniko juu, chini yake kioo. Sasa sikiza. Kuna ndogo ya katriji, kikopo kidogo cha wino. Bei yake itakufurahisha, lakini inakunywa wino kama ng'ombe wa kiangazi. Kuna ya leza. Hiyo ni nzuri, hata ukiiacha mwezi mzima haikauki, lakini ya rangi iko juu sana, na ya wino mweusi peke yake haitamsaidia mtoto. Halafu kuna ya tangi. Unamimina wino wa chupa mwenyewe na unaona umebaki kiasi gani. Hiyo nayo inataka uitumie mara kwa mara, ukiisahau wino unakauka ndani."

Mellen alielewa nusu yake. Nusu nyingine hakuijali, kwa maana sauti ya mumewe ilikuwa imeamka. Ilikuwa sauti ileile ya kibanda cha ufundi, siku Mellen alipompelekea redio ya shangazi yake akiwa msichana mgeni mjini. Alitaka tu kujua itakuwa tayari lini. Fundi yule mrefu aliifungua na kuanza kumweleza kila waya unaenda wapi, kana kwamba ameombwa, na Mellen akakaa kwenye benchi akisikiliza mpaka shangazi akatuma mtu kumtafuta.

Jioni ile waliongea mpaka ugali ukapoa.

Kuanzia hapo wakaanza kuchagua. Mellen alipita kwenye maduka ya Oyugis, akapiga picha za maboksi, akazituma. Clifford alizipanua kwa kidole na kumjibu akiwa kwenye basi la kampuni. Hii haina waifai, itabidi mvute waya. Hii inaskani lakini kwa uvivu. Hii wino wake hautaupata huko hata ukilia. Kutoka kwenye printa mazungumzo yalikwenda pembeni yenyewe. Akauliza duka la kona bado ni la yule mzee mwenye kikohozi. Akauliza kama mparachichi umezaa. Akamwambia jinsi joto la Doha linavyoingia mpaka kwenye soli za viatu, na kwamba chumba anacholala kina wanaume sita na dirisha ambalo halifunguki. Hayo alikuwa hajawahi kuyasema.

Kufikia wiki ya pili Mellen alikuwa ameshajua printa anayoitaka. Ilikuwa ya tangi, nyeusi, yenye waifai. Aliijua kama anavyojua saizi ya nguo kwa kumtazama mtu mgongoni. Lakini akaendelea kuuliza.

"Mama, si ulisema ni ile nyeusi?" Phanice alimuuliza, amechoka kwenda saiba.

"Baba yako bado anaangalia."

"Anaangalia nini?"

Mellen akachukua simu yake. Akarudi kupiga picha za maboksi yaleyale, safari hii kutoka upande wa pili.

Mama yake mzazi alipougua mguu, Mellen alimwachia jirani mtoto, akaenda Ntimaru kumwona, na wakati wa kurudi akateremka mjini Migori. Kwenye duka la vifaa vya kompyuta, muuzaji aitwaye Bonface alimtolea ile nyeusi ya tangi kutoka rafu ya juu. Mellen akampigia mumewe kwa video, akaelekeza simu kwenye boksi.

"Ndugu yangu," Clifford alimwambia Bonface, "nionyeshe lakiri. Haijafunguliwa? Na chupa za wino zimo zote nne?"

"Zote zimo, mkubwa. Na garantii ni mwaka mmoja."

"Iwashe kwanza, taa zionekane, lakini usimimine wino."

Bonface alifanya hivyo. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mellen akawa anatafuta swali. Akauliza kama hakuna rangi nyingine, kama hakuna iliyo ndogo zaidi, kama si afadhali angoje mzigo mpya ufike.

Clifford akasema taratibu, "Chukua hiyo, Mama Phanice. Tumechagua vya kutosha."

Akaichukua. Njia yote, kupitia Kisii mpaka Oyugis, alilipakata boksi, na badala ya furaha alihisi kama mtu aliyesindikiza mgeni stendi na sasa anarudi peke yake.

Waliiunganisha Ijumaa, siku ya Clifford ya kupumzika, mchana, Phanice akiwa bado shuleni. Mellen aliegemeza simu kwenye chupa ya maji juu ya meza. Akaambiwa abandue tepu zote za kiwandani, hata zile zilizojificha ndani, kwa kuwa moja tu ikibaki kichwa cha wino kitakwama. Akamimina wino, mweusi, wa samawati, wa waridi, wa manjano, kila mmoja kwenye tangi lake, kwa mkono uliozoea kutia uzi sindanoni. Hakumwaga hata tone.

"Sasa bonyeza kitufe cha kuvuta wino, halafu usiiguse wala usiizime. Itanguruma kwa muda."

Ikaanza kunguruma. Hawakuwa na la kufanya ila kungoja.

"Nizungushe," Clifford alisema.

"Nini?"

"Zungusha simu. Nione nyumba."

Mellen akaiinua simu, akaizungusha polepole. Akamwonyesha pazia jipya, kalenda ya kanisa, alama za penseli za kimo cha Phanice mlangoni. Clifford alihesabu alama zile kwa macho. Simu ikafika kwenye msumari nyuma ya mlango, ambapo jaketi lake la kazi lilikuwa limening'inia tangu siku aliyoondoka.

"Jaketi bado liko?"

"Ningelipeleka wapi?"

Printa ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Wakatazamana kupitia kioo kidogo, na Mellen akatamani wino ule uchukue siku nzima kufika.

Ulipofika, waifai ikakataa. Mellen aliandika nywila mara mbili, taa ikaendelea kumetameta. Clifford akafikiri, akakumbuka.

"Ruta yenu, kile kisanduku cha intaneti, ina majina mawili ya waifai, sivyo? Moja lina tano mwishoni. Printa hii haisikii hilo la tano. Na simu yako iko huko. Hamia kwa hilo lingine, kisha utafute printa upya. Lakini ukihama, nitakatika."

"Utakatika?"

"Kidogo tu. Fanya, utaweza."

Akahama. Uso wa mumewe ukaganda, ukapotea. Mellen akafuata maelezo peke yake, akachagua jina la printa, akaandika nywila herufi moja moja. Taa ikaacha kumetameta, ikatulia. Akatuma picha ya kwanza iliyomjia mkononi, ya Phanice amevaa sare, na karatasi ikatoka taratibu na rangi zake zote, kuanzia nywele mpaka soksi. Mellen akapiga kelele ya furaha ndani ya nyumba tupu. Akampigia mumewe amwonyeshe. Simu ikaita mpaka ikachoka. Baadaye ukaja ujumbe: ameitwa kazini kwa dharura, kiyoyozi cha ukumbi kimekufa, hongera.

Printa ikafanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo palipouma. Phanice alipeleka picha zake shuleni. Majirani walikuja na vitambulisho. Clifford akarudia "mko salama" na "wacha nipumzike". Kisha ukaja ujumbe wa sauti, mfupi, kwamba kampuni imemwongezea mkataba tena na ameona heri akubali. Mellen aliusikiliza akiwa amesimama. Akaenda kushona, akashona kola juu chini, akaifumua, akaishona juu chini tena.

Alasiri iliyofuata aliandika: "Printa imekataa."

Clifford alipiga mara moja. "Taa gani inawaka? Nyekundu ama ya rangi ya chungwa? Karatasi imekwama?"

Mellen akaitazama printa. Taa ilikuwa ya kijani, imetulia.

"Mama Phanice? Uko hapo?"

"Haijakataa," alisema. "Iko sawa. Nilikudanganya ili upige."

Akasikia mumewe anashusha pumzi, kama mtu anayetua mzigo.

"Mellen," alisema, na ilikuwa muda mrefu hajamwita hivyo. "Ile ya tangi niliijua siku ile ya kwanza. Ile jioni ya mvua. Ningekwambia na ungenunua kesho yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipigia tena kwa sababu gani?"

Mellen akacheka, na kicheko chenyewe kikamtoa machozi. Akamwambia aliyokuwa hajamwambia, kwamba alipousikia ule ujumbe wa mkataba alitamani kuirusha simu. Akamwambia Phanice ameanza kusahau jinsi baba yake anavyotembea. Clifford hakujitetea. Alisema naye husahau, kwamba kuna siku hushindwa kukumbuka mlango wa jikoni unafungukia ndani au nje. Mkataba alikuwa ameshautia sahihi, hilo halikuwa la kubadilika. Lakini akasema mwezi wa nne ataomba likizo, hata ya wiki mbili, hata bila malipo, na kwamba hataki tena kungoja kitu kiharibike ndipo apige.

"Sasa nitakwambia nini kila siku?" Mellen aliuliza. "Hapa hakuna habari."

"Niambie tu. Leo umeamka ukafanya nini?"

Akavuta kiti. Akaanza na asubuhi, chai iliyomwagika, mteja aliyeleta kitambaa kifupi akitaka gauni refu. Akamweleza mlango wa jikoni unafungukia nje, na unakwaruza sakafu wakati wa mvua. Alikuwa katikati ya kisa cha mama mchungaji na kopi zake za ratiba, Clifford anacheka, bando la intaneti la ruta likaisha, simu ikakatika. Mellen akachukua kitambaa chake cha kichwa, akatoka kwenda dukani kununua bando lingine, amalizie kisa.