Tundu la Bakuli Kwenye Ukuta wa Boma

Fundi aliponiambia wanaliziba lile tundu la boma, nilijichoma sindano. Nilijichoma kweli, nikanyonya kidole huku namtazama kwa hasira kama vile ni yeye aliyenichoma. Alikuwa amekuja kwenye cherehani yangu hapa Makandana, mjini Tukuyu, kuchukua suruali yake ya kazi, iliyochanika goti. Ni fundi ujenzi, babu zake walipanda huku milimani kutoka pwani, na ukoo wao wote ni watu wa chokaa na matofali.

"Tundu lipi?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Lile la ukuta wa nyuma, fundi mwenzangu. Lilikuwa tundu la bunduki, jembamba tu. Sasa kuna mtu alitoa tofali chini yake, likapanuka. Tumeambiwa boma lirudi lilivyokuwa wakati wa Mjerumani."

"Wakati wa Mjerumani! Na wakati wa mama yangu je?"

Akacheka, akidhani natania. Nilimrushia suruali yake, nikafunga duka.

Huyo mtu aliyetoa tofali ni babu yangu, aliyemzaa baba. Kazi yake ilikuwa kuliangalia boma, kuziba nyufa na kupaka chokaa, maana mvua ya Tukuyu haina adabu, ukipaka leo kesho inakuambia rudia. Alikuwa na chumba cha vifaa nyuma ya ukuta ule mnene, na humo ndimo alimoshinda. Bibi alishafariki, kwa hiyo chakula chake cha mchana kilikuwa juu ya mama yangu, mke wa mwanawe. Lakini kwetu Wanyakyusa, kwa watu wa enzi zile, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wana ugomvi, la hasha, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mama akisikia kikohozi cha mzee njiani, anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Sasa niambie, utampelekeaje chakula mtu usiyeruhusiwa kumwona?

Babu alilimaliza jambo hilo kwa patasi. Alitoa tofali moja chini ya tundu la bunduki, bakuli likapata pa kupita. Tofali liliangukia nje, mama akaliokota, na tangu siku hiyo likawa la kuzuia mlango wa jiko lake. Babu alipofariki tukahamia Kinyala, na jamani, katika vitu vyote vya kubeba, mama alibeba na tofali.

Babu alipokuwa hai, shule zikifungwa nilikuwa naandamana na mama kwenda boma. Anaweka bakuli la ndizi na maharage kwenye tundu, limefunikwa kwa jani la mgomba, anakohoa, kisha anageuka kutazama barabara. Ndani naye mzee anakohoa. Halafu mkono unatokea, mweupe kwa chokaa mpaka kwenye kiwiko, na mkono wenyewe haujui bakuli liko wapi! Unapapasa kulia, unapapasa kushoto, unalikosa bakuli na lipo pale pale. Nilikuwa nacheka mpaka mama ananifinya sikio. Bakuli lilirudi na karanga ndani, au kipande cha muwa, na sijala tena karanga tamu kama zile.

Siku moja nilimuuliza mama kwa nini asinitume mimi, nipite mlangoni kama watu wengine. "Chakula cha mkwe anakipeleka mkwe," alinijibu, na alisema kwa maringo.

Mawifi zake ndio waliomtia doa rohoni. Walimtania kwamba mzee anamchungulia. Tundu la bunduki, wewe, si limetengenezwa ili wa ndani amwone wa nje? Mama alicheka pamoja nao, lakini neno lilimwingia. Kuna siku alikwenda pale tukiwa tumetoka kumzika mdogo wangu, bado mchanga. Kitenge kilikuwa kimemvuka begani, makamasi yanamtoka, akaegemea ukuta na kulia mpaka ndizi zikapoa. Kama mzee alimwona katika hali ile, basi heshima yote ile ilikuwa ya upande mmoja. Swali hilo amezeeka nalo. Na mle ndani hakuwahi kuingia, hata babu alipokuwa hayupo tena duniani, kwa sababu chumba cha mkwe ni cha mkwe.

Ndiyo maana, fundi alipoondoka, nilipanda bodaboda siku hiyo hiyo mpaka Kinyala kumpa mama habari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akaliondoa tofali, na mlango wa jiko ukajibamiza nyuma yake. Akalifunga tofali kwenye kanga.

"Twende kabla hawajaziba," alisema. "Nataka kujua kama aliniona."

Nilifika boma nimejiandaa kugombana, mdomo wangu hauna breki na mji mzima unajua. Fundi akamwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akaitikia marahaba, kisha fundi akatuonyesha ufa. Ulianzia pale pale kwenye tundu, ukapanda ukutani mpaka karibu na paa, unaingiza ngumi.

"Wallahi, mama, nikiacha hivi, masika haya ukuta hauvuki," alisema kwa upole.

Nilitaka kulia kwa hasira, nisijue nimkasirikie nani, mvua au babu. Mama yeye aliomba jambo moja tu, aingie mara moja. Mlangoni akavua kandambili. Akakohoa, akangoja kidogo, ndipo akaingia.

Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya unyevu. Chini ya tundu, babu alikuwa amejijengea kiti cha matofali kilichoshikana na ukuta.

"Hiki nacho kimetushangaza," fundi alisema. "Mtu akikaa hapa, tundu liko nyuma ya bega lake. Mwanga wote uko nyuma, yeye anatazama ukuta mtupu. Alikuwa anatazama nini?"

Mama alikuwa anaigusa chokaa pale juu ya kiti, palipolika na kuwa peusi kwa mgongo wa mtu mmoja, miaka nenda miaka rudi.

"Alinipa mgongo," alisema. "Hata siku ile. Ndaga, tata."

Ndivyo tunavyoshukuru kwetu, asante baba, na kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akimwita mzee yule kwa neno lolote. Kisha akafungua kanga, akanipa tofali, akakaa kwenye kile kiti.

"Zunguka nje," aliniambia. "Ukifika, kohoa."

Nikazunguka, machozi yananitoka bila aibu. Nikaliweka tofali kwenye tundu, nikakohoa. Mama naye akakohoa. Mkono wake ukatokea, ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto, ukalikosa. Safari hii sikucheka. Nililisogeza tofali mpaka likagusa vidole vyake, akalivuta ndani, na nikamsikia akimwambia fundi, "Haya baba, sasa ziba."