Shamba la Tanga kwenye Sakafu ya Guangzhou

Wadogo zangu wawili wa kiume waliligawa shamba la baba sakafuni kwa selotepu ya kufungia mizigo. Shamba lenyewe liko Tanga. Sisi tulikuwa Guangzhou, Uchina, kwenye nyumba yao ya kupanga karibu na Barabara ya Zhanqian, wanakouza mashati. Tangu baba afe tukamchoma kwa desturi yetu, mwaka wa sita huo, walikuwa hawasemeshani.

Nilikwenda kuwafunga uzi wa rakhi, maana kila mwaka sisi dada wa Kihindu huwafunga ndugu zetu uzi mkononi, nao huahidi kutulinda. Kumbe siku hiyohiyo wameweka na kikao cha ukoo. Mahakama ya nyumbani inataka muhtasari wenye saini za warithi wote. Ukoo wenyewe ndio sisi watatu.

Selotepu ilikata sebule katikati. Choo kikaangukia upande wa yule anayenifuata kuzaliwa, jiko likaangukia kwa kitinda mimba.

"Dada, mwambie huyo bwana napita kwenda chooni."

"Dada, mjibu, kwenye ramani hapana njia hapo."

"Basi mwambie na chai aisahau."

Nikauliza, na mimi je, mbona miguu yangu yote miwili iko juu ya mpaka? Wakacheka. Kitinda akanipa zawadi ya rakhi, jungu la umeme la kupikia wali, kisha akanisogezea karatasi na wino wa dole gumba. Kwetu ndivyo: dada huchukua zawadi, ardhi ni ya wanaume.

Mimi sikusoma sana. Nilitolewa darasa la tatu nije kuwalea hawahawa. Lakini jina langu nikilikuta nalijua. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Kwenye mgawo wa shamba, yao yapo.

"Langu liko wapi?"

Anayenifuata akajibu kama wauza nguo wa pale wanapokukatalia: "Meiyou." Hakuna.

Karatasi ya pili ilikuwa tupu. Hapo huandikwa majirani wa mipaka, pande zote nne, ndio mashahidi wa mpimaji. Wao waliondoka Tanga wadogo, hawamjui hata mmoja. Mimi nawajua wote, na marehemu wao, na nani alimwoa nani.

"Tutajie, dada."

"Meiyou."

Kitinda akaivuka selotepu, akamshika mwenzake bega. "Kaka, unamwona huyu? Anatudhulumu!"

"Namwona, ndugu yangu! Shamba letu sote!"

Miaka sita, leo ndiyo wamesemeshana. Nikafurahi kidogo, nikaketi palepale juu ya mpaka, jungu langu mapajani.

Alasiri, walipoona sitaji jirani hata mmoja, wakaliandika jina langu, chini ya majina yao.

"Mkubwa ni nani hapa?" nikauliza. "Lipandisheni juu."

Likapanda. Ndipo nikaanza upande wa mashariki: jirani wa kwanza, baba yake, babu yake, mke wa pili aliyebaki na mnazi. Anayenifuata aliandika mpaka vidole vikamfa ganzi. Mkono huohuo nikaufunga uzi.