Jitu la Nne Chini ya Roshani

Kama unasoma ili ucheke, ruka ukurasa huu. Haya yalinipata mimi, na akili zangu timamu, wala sikuwa nimelewa, maana pombe niliiacha Bukavu. Na usisubiri usiku wala bundi. Yalitokea Jumapili saa nane mchana, jua linawaka juu ya mtaa wa Morningside, Durban, jirani anakata majani kwa mashine. Uniamini au uache, mimi sina faida ya kudanganya.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia. Mimi na kaka Modeste tulikuwa mafundi wa plasta kwenye nyumba ya tajiri mmoja tuliyemwita Patron. Modeste ndiye aliyenifundisha kazi, kulekule Bukavu, alikojifunza kwa mapadri akipamba makanisa. Patron naye alikuwa ametembea Ulaya, akaingia kwenye kasri la mfalme fulani wa zamani, akatoka na kitabu kinene cha picha na wazimu. Akataka kasri lilelile hapa Durban, kwenye kiwanja cha mteremko.

Kitabu kile kilikuwa cha Kifaransa, Modeste akawa ananisomea wakati wa chakula. Mtindo wenyewe unaitwa baroki. Wafalme wa wakati ule hawakujenga nyumba ili walale, walijenga ili mgeni ajione mdogo. Ndiyo maana ngazi ni pana kupita barabara, kuta zinapinda kama pazia, nguzo zimesokotwa, na dari imechorwa mawingu mpaka unasahau kwamba juu yake kuna paa. Na marumaru je? Nusu yake si marumaru. Ni plasta iliyotiwa rangi ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Kasri lile lilijengwa, likaungua, likajengwa tena. Kitabu kilimtaja mfalme, mke wake, hata mbwa wake. Fundi hata mmoja hakutajwa. Modeste alicheka sana aliposoma hapo. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Chini ya roshani ya mbele yalitakiwa majitu manne, wanaume waliopinda migongo, wameibeba roshani mabegani. Vichwa vya kununua vilikuwa na sura za kutabasamu, kama watu waliokuja harusini. Patron akavikataa, alitaka sura inayosikia uzito. Basi mimi, kwa kujifanya mjanja, nikasema tuchukue sura ya Modeste. Akalala juu ya ubao, nikampaka vaselini, nikamwekea mirija puani, nikammwagia plasta usoni. Majitu matatu tukayakunja nyuso kwa kisu. La nne, karibu na mlango, likawa Modeste mwenyewe, macho yamefumbwa vilevile alivyolala.

"Eeh, sasa na mie niko mu kitabu ya wafalme!" akasema, akapiga makofi.

Wiki tatu baadaye ubao wa jukwaa la mafundi ulivunjika, naye akaanguka kutoka dari ya ukumbi. Alikufa kabla ambulensi haijapanda kilima.

Patron akaniita pembeni. Hakuwa na hasira, alikuwa na karatasi. Ilisema kwamba marehemu hakuwa mfanyakazi pale, alikuja kunisalimia tu, akapanda juu kwa hiari yake. Nikisaini, ataniandikia barua kuwa mimi ni fundi wake, na barua hiyo nilikuwa naihitaji kama pumzi, maana makaratasi yangu ya ukimbizi yalikuwa yanakaribia kuisha. Mke wa Modeste, Mama Furaha, alikuwa na haki ya fidia ikiwa mumewe alifia kazini. Ikiwa alikuja kusalimia, angedai nini? Hayo yote niliyajua. Nikasaini.

Kesho yake Bab' Mkhize, Mzulu aliyekuwa akituchanganyia saruji, alikuja na tawi la mti wanaouita umlahlankosi. Kwao, mtu akifa mbali na nyumbani, wenzake huenda pale alipoangukia, humwita kwa jina, humwambia kilichompata, kisha roho yake hulifuata tawi mpaka kwake.

"Wewe ndiye unajua lugha yake, mfowethu, ndugu yangu," akaniambia. "Mwite. Mwambie alikuwa kazini, ameanguka, kazi imekwisha, twende nyumbani."

Patron alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama. Nikasema sisi ni watu wa kanisa, hayo ni mambo ya shetani. Unanisikia? Nilimsingizia Mungu. Ukweli ni kwamba sikuthubutu kutamka "alikuwa kazini" mbele ya yule bwana. Bab' Mkhize akasema "Eish," akaondoka na tawi lake.

Jumapili ya pili baada ya maziko niliitwa peke yangu kuziba nyufa za roshani. Kwa lile joto plasta ilikuwa inakauka kabla sijaipaka. Mara nikasikia harufu ya ndimu. Modeste alizoea kukamulia ndimu kwenye plasta ili ichelewe kukauka, na Durban nzima sijamwona fundi mwingine anayefanya hivyo. Nikageuka. Chini ya roshani alichuchumaa mtu mweupe kwa vumbi, toka nywele hadi vidole, anakoroga ndoo kwa mkono mtupu. Nikadhani ni kibarua mpya, nikamsalimu kwa Kizulu.

"Bwana mudogo," akajibu, "mupaka leo unasahauka ndimu?"

Wewe ungefanya nini? Mimi niliokota nyundo. Akainuka, lakini hakunyooka. Mgongo ulibaki umepinda, shingo imelala kushoto, macho yamefumbwa. Nikatazama nyuma yake, pale lilipo jitu la nne. Mabega yalikuwepo. Kichwa hakikuwepo.

"Ulisema mi sikutumikaka hapa," akasema. Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Sawa. Kama sikutumikaka hapa, munishushe basi. Hii kitu ni muzito, bwana mudogo."

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kulivunja lile jitu. Ningeweza hata kusema yale maneno mawili tu, alikuwa kazini, hapakuwa na mtu wa kunisikia. Lakini barua ya Patron ilikuwa inatoka Jumatatu. Naapa, mbele ya mtu aliyenifundisha kushika mwiko, niliiwaza barua. Nikaweka nyundo chini, nikasema, "Kaka, ngoja kwanza kesho."

Nilipoinua macho hakuwepo. Kichwa kilikuwa mahali pake, kimeinama kuliko tulivyokiweka. Ndoo aliiacha imejaa plasta laini, nayo haikukauka mpaka jioni.

Barua niliipata. Tangu siku hiyo, plasta yoyote ninayoikoroga mimi inaganda ndooni kabla sijainua mwiko. Nimetia ndimu, nimetia siki, nimetia sukari, kazi bure. Ufundi nimeuacha, nauza vifuniko vya simu. Shingo yangu imelala kushoto, na daktari amepiga picha hakuona kitu. Mama Furaha anasuka nywele kwenye saluni mlango wa tatu kutoka kwangu. Kila asubuhi ananiuliza, "Shemeji, ile shingo iko namna gani?" Kisha ananichua kwa mafuta, kwa mikono yake mwenyewe, nami nainamisha kichwa; habari ya ile karatasi haijui.

Miaka mitatu baadaye nilikata tawi la umlahlankosi, nikapanda kilima kwenda kumwita Modeste. Siku hizi nyumba inakodishwa kwa harusi. Bibi harusi alikuwa anapigwa picha chini ya jitu la nne, anacheka. Mlinzi wa geti alikuwa Mrundi ninayesali naye kanisa moja, na mke wake husukwa nywele na Mama Furaha.

"Unatafuta nani, ndugu?" akaniuliza.

Jibu nilikuwa nalo, namtafuta Modeste aliyefia kazini hapa. Lakini ningelisema pale getini, jioni lingekuwa limefika saluni. Nikaficha tawi nyuma ya mguu, nikamwambia, "Hapana mtu. Nilipotea njia."

Basi wewe unayenisoma, ukiambiwa mwite maiti wako kwa jina na useme alikufa akifanya nini, sema siku ileile, hata kama mwenye nyumba anakutazama. Usiseme ngoja kesho. Ulimi nao huganda, na wangu hakuna ndimu iliyoulainisha mpaka leo.