Mavis na Noti ya Juu

Gauni lile jekundu lilikuwa mali ya kikundi, lakini jasho lililomo ndani yake lilikuwa la Mavis Sugden. Kila mwaka, baridi ilipoanza kulegea, watu wa maigizo wa mtaa wa Hollin, huko Yorkshire, walifanya usiku wa nyimbo za kizamani katika ukumbi wa kanisa. Watu walikuja na kofia za enzi za bibi zao, wakala pai za nyama na njegere za kupondwa, wakazomea, wakashangilia, wakingoja wimbo wa mwisho.

Wimbo huo ulikuwa wa Mavis, akiuimba ndani ya gauni lile. Ulimhusu bibi harusi aliyeachwa kwenye kituo cha treni na keki yake mapajani. Katika kibwagizo palikuwa na noti moja ya sauti iliyopaa juu mno, na Mavis aliipanda kama paka anavyopanda ukuta, bila kuangalia chini.

Kisha vumbi la sufu la kiwandani, alilolivuta tangu usichana, likamharibu kifua. Sauti ikakauka. Wenzake wakamweka kwenye piano, wakamwambia ni heshima.

Akaja Coral Whitham, mke wa daktari mpya wa meno, akapewa wimbo na gauni. Shingo ndefu, meno yote yake mwenyewe. Siku ya kwanza ya mazoezi aliinamia piano.

"Bi Mavis, kipenzi, nishushie wimbo kidogo. Huko juu mie siendi bila ngazi."

Wote wakacheka. Horace Bairstow, mwenye bucha, ambaye ndiye Mwenyekiti wa usiku wa nyimbo, mwenye kinyundo cha kugonga meza na maneno ya mbwembwe ya kuwaita waimbaji, alicheka mpaka akafuta macho. Mavis alijaribu kukumbuka ni lini Horace alicheka hivyo kwa neno lake yeye. Hakukumbuka.

"Mshushie, Mavis," Horace akasema. "Mtoto wa watu asije akaanguka."

"Nimeshashusha. Au mnataka niupeleke chini ya sakafu?"

"Na gauni nimelipunguza kiunoni," Coral akaongeza. "Lilikuwa linanipwaya. Hukasiriki, eti?"

"Nikasirike kwani langu?" Mavis akajibu, na usiku ule hakumaliza chai yake.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Horace akagonga kinyundo.

"Mabibi na mabwana! Mwororo!"

"Oooh!" ukumbi ukaitikia, kama desturi.

"Mwangavu! Mwenye koo la chiriku!"

"Oooh!"

"Malkia wa Mtaa wa Hollin!"

Mavis akainua kichwa. Jina lile Horace alimpa yeye, mwaka hata mwaka, na alidhani limemfuata hadi kwenye piano, kama jina la mume linavyomfuata mjane. Kumbe lilishonwa kwenye gauni.

Basi akaanza kuupiga wimbo. Hakuupiga pale walipokubaliana. Aliupiga pale pa zamani, pa juu. Sikuupandisha, alijiambia, nimeurudisha kwao.

Coral alisikia mara moja, akageuza shingo, lakini ukumbi ulikuwa unamtazama na hapakuwa pa kurudi. Ubeti wa kwanza ukapita. Kikaja kibwagizo, ikaja ile noti, na sauti ya Coral ikakatika kama uzi wa sufu mbovu.

Mavis alihisi utamu ulimini, utamu wa sukari ya kuiba.

Lakini kibwagizo cha usiku ule si cha mwimbaji peke yake. Ni cha ukumbi mzima. Mwanamume mnene wa mstari wa mbele akakidaka, wakafuata wote, wakapanda, na wote wakavunjika palepale. Kicheko kikatikisa madirisha. Coral akashika kiuno.

"Ahaa! Mnanicheka, na nyie hamfiki! Haya, tena!"

Wakarudia, wakavunjika tena, wakalia kwa kucheka, na Mavis hakuwa na la kufanya ila kuwapigia. Maishani mwake hakupata kushangiliwa kama Coral alivyoshangiliwa usiku ule. Waliporudia mara ya mwisho, Mavis alifumbua kinywa ili awaonyeshe noti ile inavyofikiwa. Ilitoka pumzi tupu. Hakuna aliyeona, isipokuwa Coral, aliyekuwa amesimama karibu na piano.

Pazia liliposhuka, Horace akaja mbio. "Mavis, mama, ulipotea, au nini?"

"Mimi ndiye niliyemwomba," Coral akadakia. "Nilitaka kujaribu kule juu."

Horace akaenda zake kwenye pai. Mavis akabaki anafuta vibonyezo vya piano visivyo na vumbi. Kufichiwa kosa kulimchoma kuliko kama angeumbuliwa.

"Nani kakutuma kunitetea?"

"Hakuna. Nilikuona ukijaribu." Coral alivua kofia, nywele zikamwagika. "Kweli ulikuwa unafika kule?"

"Kila mwaka."

"Basi mwakani usinishushie, Bi Mavis. Nifundishe kufika."

Mavis akaitazama ile shingo. Mfundishaji anajua mapema nani ataweza, na huyu angeweza; kabla ya baridi nyingine kuisha angekuwa juu ya ukuta ule, anatembea.

"Njoo Jumanne mchana," akasema, akafunga piano. Kisha, akivaa koti, aliomba kimoyomoyo Jumanne theluji ifunge njia zote za Hollin.