Vidole vya Kamanthe

Jirani yangu Kamanthe ni mama fua. Miaka kumi na tisa amefulia watu wa Machakos mjini, na sabuni imemla vidole mpaka alama zimefutika. Mwezi uliopita kiwanda kimoja kilimpa kazi ya kudumu, lakini mashine ya mlangoni inayosoma vidole ikamkataa. Akapewa wiki mbili. Isipomsoma, nafasi inaenda kwa mwingine.

Alikuja kwangu hapa Kyumbi, ninapotengeneza losheni, akaketi bila hata kusalimu.

"Nzilani, niko na mikono ya nyanya yangu."

Nikamwonyesha ile nta nyeupe ninayoyeyusha ndani ya losheni. Kazi zake ni nyingi: inashikanisha mafuta na maji yasitengane, inaipa losheni uzito, kisha ikipakwa inajaza nyufa za ngozi, kama udongo unavyoziba ukuta, na kuilainisha. Inazuia pia unyevu usitoroke. Lakini haileti maji yenyewe. Nikamwambia apake mikono ikiwa bado mbichi kwa maji, kila akimaliza kufua, siku nyingi mfululizo.

Sikio la kufa halisikii dawa! Wiki nzima hakupaka. Siku ya kujaribu tena, akajipaka tele palepale getini, kwenye mikono mikavu. Kioo cha mashine kikajaa mafuta, hakikusoma kitu.

"Asi! Hii si uchawi, wewe!" nikamfokea.

"Nipake saa ngapi?" akasema, machozi yakimtoka. "Nikitoa mikono kwa beseni moja naitia kwa lingine."

Niliona aibu. Basi siku saba zilizobaki nikamfulia mimi. Mablanketi, jinzi, soksi za watu nisiowajua. Mgongo uliniuma, vidole vikawasha, na nilimlaani kimoyomoyo kila asubuhi. Yeye alikaa nyumbani, akilowesha mikono na kupaka, akilowesha na kupaka.

Siku ya mwisho akanipigia simu kutoka kiwandani.

"Imesoma, dada. Mara ya kwanza tu!"

Nikapiga vigelegele peke yangu, mikono kwenye povu. Nikamuuliza wamempa kazi gani.

"Kuosha makreti," akasema. "Naanza kesho."