Nilivyobishana na Mangi kuhusu tone la maji juu ya barafu, nikashinda, na bado naungua jua

Wakuu, nawasalimu. Shule niliishia la tatu, herufi zikikosewa nivumilieni. Ila haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, ingawa moja lina mtoto wa jicho.

Nauza maji ya baridi Kariakoo. Deli langu la barafu naliweka kibarazani kwa Mangi, Mchaga mwenye duka la jumla. Pana kivuli pale. Zamani nilikuwa Mnazi Mmoja, jua lilinibabua mpaka mke wangu... tuyaache.

Juzi Mangi kateleza kwenye maji ya deli langu. Chini puu, na boksi la sabuni juu yake.

Nikacheka. Hapo nilikosea.

"Shikamoo babu," akaniambia. Shikamoo ya hasira mnaijua?

"Marahaba."

"Kesho nisikuone hapa. Umeganda kwangu mwaka wa tatu huu!"

"Mangi, kuganda unakujua wewe? Hata tone la maji hujui likidondoka juu ya barafu linafanyaje."

Nilimchokoza makusudi. Mchaga umwambie hajui barafu!

"Mimi nimezaliwa chini ya Kilimanjaro! Linateleza, kama nilivyoteleza mimi. Likiganda, na wewe ganda hapa!"

Wapagazi wote wakasikia.

Akadondosha tone kwenye barafu ya delini. Likateleza mpaka chini. Akashangilia.

"Hiyo inatoka jasho," nikasema. "Twende kwenye friza lako."

Mle kuna bonge gumu, kavu kabisa. Nikachovya kidole, nikaachia tone kutoka karibu kabisa. Likatanuka kidogo kama kifungo cha shati, likasimama. Likawa jeupe kuanzia chini, juu likachongoka ncha.

La pili nikaliachia kutoka juu. Paa! Likasambaa kama chapati, likaganda hivyo hivyo.

Mangi akafunga friza.

Nikarudi kibarazani kifua mbele. Saa saba jua likanifikia, nikainuka kusogeza deli upande wa pili kilikohamia kivuli, kama siku zote.

"Babu, wapi?" Mangi akaniuliza.

"Kivulini."

"Tone lako lilisogea?"

"Halikusogea."

"Basi ganda hapo hapo."

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akatua mzigo.

Naandika nikiwa juani, simu ina moto kuliko chai.

Nilichojifunza: neno likiwa na maana mbili, ulizia zote kabla hujatamba.

Mliosoma, hebu nielezeni ile ncha inatokea wapi. Na mwenye mwamvuli wa ziada asione aibu kusema.